Mama Anahama kwa Sababu ya Kengele ya Umeme

Mpendwa mshauri, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniita mtoto mbaya, maana mke wangu ameshaniita hivyo, na mama yangu mzazi haniiti chochote kwa kuwa hasemi nami, na Jumamosi anahamia kwa dada yangu, safari ya kutwa nzima kutoka hapa, na yote haya ni kwa ajili ya kengele.

Mimi ni fundi wa lifti. Sisi ni Wahindu, na kwenye kona ya sebule yetu kuna rafu ya mbao yenye sanamu ndogo ya shaba ambayo mama amekuwa akiiogesha, akiipaka manukato, akiiwashia taa ya samli na kuipigia kengele kila asubuhi tangu sijazaliwa, na hanywi hata chai kabla hajamaliza, na kumaliza kwenyewe si leo wala kesho, maana anaweka ua moja moja huku akimtaja mtu kwa kila ua, anataja watoto, wajukuu, shangazi zangu, jirani mwenye mbwa, mpaka yule mwenye nyumba aliyetutupia vyombo barabarani nilipokuwa mdogo, mtu yule naye anapata ua lake kila siku ya Mungu, na mimi nimesimama mlangoni na begi la vifaa nachelewa kazini kwa sababu hataki mtu apite mbele yake akiwa anasali.

Sasa mikono yake imeanza kutetemeka. Juzi juzi taa ilimponyoka ikaunguza pazia, nikasema hapana, nyumba itatuteketea hii. Nikamweleza kwa upole, tena kwa falsafa yetu wenyewe, kwamba Mungu hana umbo, kwamba Brahman, huyo huyo asiye na umbo, yumo ndani ya kila kitu, hata ndani ya mota ya lifti, hana haja ya kuamshwa kwa kengele wala kuogeshwa kama kichanga, na kwamba mambo ya sanamu na maua ni ya watu ambao bado wako darasa la kwanza. Akanisikiliza, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda kununua pamba ya kusokotea tambi za taa.

Basi nikaamua kumsaidia kwa vitendo. Nikafunga taa ya umeme, kengele nikaiwekea mota ndogo, na sauti ya mama akisali nikawa nimeirekodi nikiwa nyuma ya mlango, kwa hiyo alfajiri kila kitu kinajiwasha chenyewe. Kazi safi, mshauri, hata waya hauonekani. Ni kweli ndani ya ile sauti kuna mahali anakatiza sala na kumwambia mke wangu maziwa yanamwagika, nami sikuweza kupaondoa, na ni kweli umeme ukikatika na kurudi ibada inaanza upya, siku moja ilianza wageni wakiwa mezani na wao wakaambiwa maziwa yanamwagika, lakini hayo ni marekebisho madogo tu. Asubuhi ya kwanza mama alisimama mbele ya rafu, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikimwombea dada yake apone homa, homa ambayo ilishapita, kisha akaniambia, "Mungu ameshasalimiwa na waya. Mimi nabaki hapa kufanya nini?"

Tangu hapo hagusi ile rafu, hakai sebuleni, anakunywa chai akiwa kitandani, jambo ambalo sijaliona maisha yangu yote, na sanduku lake liko wazi, nguo zinaingia moja moja. Mke wangu anasema nimemfukuza mama. Nimemfukuzaje, mshauri, wakati nimempunguzia kazi? Wenzangu mama zao wanalia kwamba hawasaidiwi, mimi wangu nimemsaidia ananihama. Niambie nimwambie nini ili abaki.

Fundi wa Lifti


Fundi,

Nimeisoma barua yako nikairudia, nikitafuta mahali ulipomuuliza mama yako anafanya nini pale kwenye rafu kila asubuhi. Sikupaona. Umemweleza, umemrekodi kwa kujificha nyuma ya mlango, umemfungia mota, ila kumuuliza hukumuuliza.

Haki yako nikupe kwanza. Pazia liliungua kweli, na hofu yako ni ya mtoto anayempenda mama yake. Na kuhusu yale maziwa nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Baada ya hapo uvumilivu wangu uliniishia.

Unamfundisha Brahman mama aliyekufundisha kufumba macho usali? Usinitishe kwa neno hilo, bwana, nyumba niliyokulia nayo ilikuwa na rafu kama hiyo. Wanafalsafa wa Kihindu wamebishana juu ya jambo hili karne na karne. Wako waliosema ibada ni wajibu, inafanywa kwa kuwa ni ya kufanywa, basi. Wako waliosema inamsafisha mtu moyo ili siku moja aweze kuuona huo ukweli wako usio na umbo. Wako waliosema ni mapenzi tu, na anayependa haulizwi anapata faida gani. Wote hao, kwa ubishi wao wote, sijasikia hata mmoja aliyesema kwamba Mungu alikuwa amekaa gizani anasubiri taa. Taa ni ya anayeiwasha. Akili ya binadamu inarukaruka, inahitaji kitu cha kushika, ndiyo maana akapewa shaba ya kuosha, utambi wa kusokota na ua la kuweka. Hiyo kazi uliyompunguzia ndiyo ibada yenyewe, sasa ulitaka abaki na nini?

Na hilo la darasa la kwanza limeniudhi kuliko yote. Wewe wa lifti unajua kwamba kutangaza kuwa ghorofa ya juu ipo hakumfikishi mtu huko. Mama yako anapanda kila siku. Wewe umesimama chini na begi lako, unamweleza jinsi juu kulivyo.

Hebu rudi kwa yule mwenye nyumba. Umemwandika kwa hasira, "mtu yule", na miaka imepita mpaka una mke na nyumba yako. Mama yako ndiye aliyeokota vyombo barabarani, na watoto wanamtazama. Kila asubuhi anachukua ua, analitaja jina la mtu yule, anaweka. Unadhani hilo linatoka bure? Nina hakika kuna asubuhi lilikuwa gumu kutoka, na akalitoa. Mashine yako haina kinyongo cha kuweka chini, ndugu yangu. Haijui hata kwamba homa ya mama yako mkubwa imepita.

Sasa fanya hivi, tena usingoje Jumamosi. Leo ukitoka kazini ng'oa kila ulichofunga, mama akiwa anakuona, na ile sauti ifute. Pazia lililo karibu na rafu liondoe kabisa. Tafuta sinia pana la shaba lenye ukingo, taa ikae katikati, ikiyumba samli iishie humo humo. Kesho amka mapema, oga, ukamsubiri pale sebuleni. Usimletee falsafa wala hotuba ya msamaha, ameshakusikia vya kutosha. Mwambie, "Mama, mikono yangu haitetemeki, nipe kazi." Akitaka kuiinua taa, shika kifundo cha mkono wake kwa chini, umwache aongoze yeye. Kama ni kuchelewa kazini, chelewa, lifti za watu zitakungoja. Na kama bado anataka kwenda kwa dada yako, mpeleke wewe mwenyewe, ila aende kumtembelea binti yake, asiende kama mtu aliyekosa pa kusalia.

Halafu kaa kimya umsikilize anavyotaja watu, mmoja mmoja, na maua yao. Jina lako limo humo tangu hujajua kutembea, hukuwahi kulisikia kwa sababu ulikuwa mlangoni unatazama saa. Likifika, usiitike. Hapo hasemi na wewe, anasema na Mungu.