Wiki Nzima Nyuma ya Pikipiki ya Jephté

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimewaambia wote: mutoto wangu Benie haolewi na mutu wa pikipiki kabla mimi mwenyewe sijapanda nyuma yake! Wiki nzima atanibeba, toka nyumbani Mangobo mpaka kwenye meza yangu ya kuuzia vitambaa vya vikwembe, Makiso. Jumamosi, mbele ya kaka yangu Zacharie, nitasema ndiyo ao hapana. Jephté ameinamisha kichwa: sawa, maman. Heshima iko nayo, sikatai. Lakini heshima haifungi breki.

Jumanne, 13 Mei
Mungu wangu! Baiskeli za toleka zinazobeba watu na mizigo, pikipiki, malori, mbuzi — wote njia moja, kila mutu anajipenyeza anapoona tundu. Na nyuma yetu honi, honi, matusi! Mimi, ili wasione naogopa, nasalimia watu tu. Mama wa kwaya kushoto, muuza ndizi kuume, Aziza wa sabuni... Ninajulikana, nifanye nini? Jioni nimepita kwa majirani wote: huyu kijana hajui kuendesha.

Jumatano, 14 Mei
Leo mbaya zaidi. Kwenye rond-point, pale magari yanazunguka, toleka imetugonga nyuma. Muhogo wa watu chini! Nimemuuliza Jephté: unaendesha ao unacheza? "Pardon, maman." Basi. Hata kujitetea hajui. Nimemueleza Zacharie yote.

Alhamisi, 15 Mei
Sokoni nimekutana na yule wa toleka, Carlos jina lake. Eti kosa iko yangu! Pikipiki ya Jephté haina clignotant, taa ya kuonyesha unakata wapi — bon, ya nani iko nayo? — na hapa kwetu abiria ndiye ananyoosha mukono. Mimi nilinyoosha kushoto, yeye akapita kuume, na Jephté naye akakata kuume. Nikamuambia: nilikuwa namusalimia maman pasta! Akajibu: sasa mimi nitajuaje, maman?
Nimemufukuza. Lakini tangu hapo roho haitulii. Jephté aliona, lazima aliona. Ila kijana atamuambiaje bokilo wake, mama wa muchumba: maman, shusha mukono? Haiwezekani. Afadhali agongwe.

Ijumaa, 16 Mei
Nimekalia mikono. Hakuna honi hata moja! Maman pasta amepita, sikumupungia. Jioni nasikia amenuna juu yangu: Florentine amepata mukwe, sasa ana kiburi. Ona balaa!

Jumamosi, 17 Mei
Wako sebuleni. Nimesema naenda kutafuta dawa ya kichwa. Uongo, naandika.
Zacharie amemuuliza Jephté mbele ya familia zote mbili: ni kweli ulikata njia bila kuonyesha, dada yangu akagongwa? Nikangoja aseme. Aniangalie hata kidogo! Ameangalia viatu vyake tu. "Ndiyo, papa. Kosa iko yangu."
Mujinga huyu! Atamupoteza Benie kwa sababu ya mukono wangu! Na mimi nikakimbilia chumbani. Nasikia haya sana.
Benie analia. Zacharie anasema: donc, hakuna ndoa, muchukue kreti yenu ya bia murudi nayo. Zacharie, kurudisha bia! Basi amekasirika kweli.
Chupa zinagongana, wanainua kreti. Jephté anasema merci, papa. Merci ya nini?!
Hapana. Natoka kusema mukono ulikuwa wangu. Mukono mbele, nitaunyoosha kabisa, na wote wasimame —