Marahaba Isiyo Yangu

Wapambanaji wenzangu wa nyumba ya marehemu Bibi,

Mama, shikamoo. Kaka Yohana, shikamoo. Mdogo wangu Rehema, hujambo? Mama, magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Songea? Mimi huku Babati mwili ni mzima. Usingizi ndio umenitoroka, na sababu yake inawahusu ninyi nyote.

Kaka ameniarifu kwamba watu wa bustani mpya ya makumbusho ya huko wanaitaka nyumba ya Bibi: waibomoe, wachukue mlango, miti na mafiga, kisha waisimamishe upya wageni waitazame. Ameuliza maoni yangu kwa kuwa nafanya kazi mahali pa namna hiyo. Basi nasema.

Katika bustani yetu ipo nyumba ya udongo ya mama mmoja wa kijiji cha Bonga. Alipofariki, wanawe waliitoa. Tulidhani wageni wangeingia kwa fujo, wapige picha, wajilaze kitandani. Wapi. Mwenye duka la kanga, wachimbaji wa madini, wanafunzi, wote walisimama mlangoni wakabisha hodi. Hodi ya tatu isipojibiwa, waligeuka wakaenda zao. Kijana mmoja aliwatania wenzake kwamba wenye nyumba wamehamia mtaa wa Maisaka kukimbia wapiga picha. Walicheka, lakini hakuna aliyevuka kizingiti.

Msimamizi wetu akapata dawa: niketi ndani, gizani, niitikie "karibu". Nikaitikia. Wageni wakaanza kuingia, wakinong'ona kama waliokuja msibani.

Alasiri moja ikabisha sauti ya mwanamume wa makamo. Nikamkaribisha. Akasema taratibu, "Shikamoo, Mama."

Ndugu zangu, kinywa kilichozoea kuitikia kikaitikia. Nilisema marahaba.

Akaingia, kofia mkononi. Aliponiona, binti wa rika la wanawe, hakufoka. Alikuwa kitinda mimba wa mwenye nyumba. Alikuwa mbali kikazi nduguze walipoitoa, wala hakuulizwa. Alichuchumaa penye mafiga, akauliza, "Hiyo marahaba, binti, umeipokea kwa niaba ya nani?"

Mimi, niliyewatikisa wakubwa wa chuo kwa hoja, niliinuka nikatoka nje. Alikaa pale penye mafiga mpaka tukafunga lango. Tangu hapo, hata nikiwa peke yangu chumbani kwangu Mutuka, nasikia sauti yangu ikiitika, na siioni midomo iliyoitoa.

Natamka bila kupepesa: nyumba ya Bibi isitoke! Wageni hawana kosa. Wao waliiheshimu kuliko sisi tulioijaza sauti ya kukodi. Ikiangushwa na mvua, ianguke ikiwa yake. Nami pia niko mbali, Kaka, lakini mimi nimeulizwa, nami najibu: usitie saini.

Nisalimieni Shangazi mkunga, na Baba mdogo fundi baiskeli.

Kwa idhini yako, Mama, naitisha kikao cha ukoo: Jumamosi, saa tisa alasiri, uani kwa Bibi. Mimi napanda basi Alhamisi.

Binti yenu,
Tumaini