Mke Wangu Anadhani Keki Ilikuwa Yake

Shangazi Ardis, nisaidie kabla ya Ijumaa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia ofisini, nimewaambia wanafunzi nina mkutano na wala sina mkutano, nina wewe tu, na Ijumaa ndiyo siku yenyewe ya sherehe, na mama yangu ameshaniambia atakachofanya ikifika Ijumaa nikiwa bado nimenyamaza. Majina yote humu nimeyabadilisha, tafadhali nifiche.

Mimi ni profesa wa Kitivo cha Elimu hapa hapa kwetu Dakota Kaskazini, na mke wangu Marlys naye anafundisha kitivo hicho hicho, ila yeye yuko ghorofa ya chini na mimi niko ya juu, na kila mwezi kitivo hutoa jarida lenye ukurasa wa mafanikio ya walimu na wanafunzi, nani kachapisha makala, nani kapata ufadhili, mwanafunzi gani kashinda nini, na sitakudanganya, Shangazi, ukurasa ule mimi huusoma kabla sijavua koti, natafuta jina langu, na mara nyingi nalikuta. Sasa mwanzoni mwa mwezi nilikutana na mkuu wa kitivo, Dk. Desjarlais, kwenye ngazi, akanishika bega, akacheka, akasema, "Arvid, jiandaeni. Mwaka huu tuzo ya Mwalimu Bora inakuja nyumbani kwenu. Ila usimwambie mtu."

Nyumbani kwenu! Wewe ungeelewaje, Shangazi? Nyumbani kwetu tuko wawili na paka, na kati ya sisi watatu mimi ndiye niliyeandika vitabu viwili juu ya ufundishaji, basi nikaelewa nilivyoelewa, nikaenda nikanunua suti mpya ya kijivu, nikaagiza keki kubwa iliyoandikwa HONGERA MWALIMU BORA WA MWAKA, jina sikuweka kwa sababu niliona mtu kuandika jina lake mwenyewe kwenye keki ni kujisifu, kisha nikampigia simu mama yangu kule Minnesota nikamwambia, "Mama, njoo, mwanao ndiye Mwalimu Bora," naye akalia kwenye simu, akasema laiti baba yako angekuwepo, na mimi nikalia pia.

Jumatatu asubuhi nikachukua keki nikaiweka gereji, maana kwa baridi hii gereji ndiyo friji, nikaenda kazini napiga mluzi, na saa sita jarida likatoka. Nikafungua. Mwalimu Bora wa Mwaka: Marlys. Picha yake kubwa, anacheka. Mimi nilikuwa chini kabisa, baada ya mwanafunzi aliyeshinda mashindano ya mapambo ya ubao, mstari mmoja: amehudhuria kongamano Omaha.

Nikawasha gari nirudi nyumbani mbio niitupe ile keki kabla hajaiona, theluji inaanguka huoni mbele, na mlango wa gereji ulipofunguka nikamkuta Marlys amesimama mbele ya boksi lililo wazi, koti hajavua, machozi yanamtiririka. Akageuka, akasema, "Arvid. Kumbe ulijua!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale, Shangazi, sentensi moja tu. Nikasema, "Kidogo."

"Na ile suti niliyoiona kabatini?"

"Ya Ijumaa."

"Na Mama? Ndiyo maana Mama anakuja?"

"Si unajua anavyokupenda."

Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, akanisemea shingoni, "Mimi nilidhani hata huoni ninachofanya." Baada ya maneno hayo ningesema nini? Nikakata keki.

Jumanne mama akafika, miaka yake themanini na ushee na bado anaendesha pikapu mwenyewe, akaingia na mabuti yake yenye theluji akinyoosha mikono, "Yuko wapi Mwalimu Bora wangu?" nami nikamshika mabega nikamgeuza taratibu mpaka akatazamana na Marlys. Mama si mjinga. Akambusu Marlys, akamwambia, "Hongera, mwanangu, umestahili," kisha akaniita chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Uliniambia ni wewe."

"Mama, labda simu ilikuwa mbovu."

"Simu ilikuwa nzima. Mbovu ni wewe. Nakupa mpaka Ijumaa, usipomwambia namwambia mimi, tena mezani, mbele ya kuku wa sherehe."

Kumbe Marlys ameshasimulia mji mzima. Kanisani akina mama wananishika mkono kwa mikono miwili. Dukani msichana wa kwenye mashine ya malipo aliniambia natamani nipate mume kama wewe. Jirani yetu Duane alinikuta nje nasukuma theluji, akasimamisha gari, akashusha kioo, akasema, "Umetuharibia mji, bwana. Mke wangu tangu jana ananiuliza keki yake iko wapi. Mimi nilimnunulia matairi ya theluji nikadhani mwaka huu tumemalizana." Na leo Dk. Desjarlais kaniletea ratiba ya sherehe, kaniweka kati ya dua na chakula, niwasimulie wageni jinsi nilivyomwandalia mke wangu mambo yote hayo kwa siri.

Yanayoniuma ni mawili, na la pili naona aibu hata kuliandika. La kwanza, moyoni bado naona tuzo ile ilikuwa yangu. La pili, huyu mume wanayemsifu, huyu wa keki, nampenda, Shangazi, natamani ningekuwa yeye, na nikisema ukweli atakufa. Nifanye nini? Nimwambie Marlys nimvunje moyo, au ninyamaze tu nimnunulie mama tiketi ya kwenda Florida?

Mume wa Ghorofa ya Juu

*

Wewe wa Ghorofa ya Juu,

Umeomba nikufiche. Nimejitahidi, lakini mji wetu una mpishi wa keki mmoja tu na mdomo wake haufungi, kwa hiyo pole nakupa kuanzia hapo.

Barua yako ilinifikia Jumatano na ukurasa huu hutoka Jumatatu, ndiyo maana Alhamisi asubuhi nilikupigia simu. Wasomaji hawakusikia niliyokuambia. Umeniruhusu niyaandike, pamoja na yaliyofuata.

Nilianza na pole nyingine. Kudhani umeshinda kisha ukute hukushinda kunauma, hata kwa mtu mwenye vitabu viwili. Kununua suti si kosa. Hata hiyo "kidogo" yako, kwa mtu aliyebanwa gereji na mke analia, naielewa. Kosa lako lilianza kesho yake, uliposhikwa mkono kanisani ukauacha ushikwe. Mkeo kapewa sifa mara moja, na wewe ukaja kujichotea humo humo.

Kisha nikakuuliza jambo lililonisumbua. Barua yako ni ndefu kama barabara ya kwenda Minot, nimeisoma mara mbili, na hakuna mahali unaposema mkeo anafundisha nini. Ukanijibu, "Elimu." Nikakuambia, "Kitivo kizima kinafundisha elimu, baba. Yeye anafundisha nini?" Ukakohoa. Nikakuambia basi, mtu mwenye kikohozi kama hicho hana haki ya kusema tuzo ilikuwa yake. Nenda ukamwambie mkeo ukweli leo, kwa mdomo wako, kabla mama yako hajaushika uma. Florida mwache mama yako aende akitaka mwenyewe.

Ukamwambia. Hapo nakusifu, na sitakusifu tena ukurasa huu. Marlys alikuwa jikoni anasukuma lefse za wageni, zile chapati za viazi za Kinorwe, unga mpaka kwenye viwiko, ukasimama upande wa pili wa meza ukasema yote kuanzia kwenye ngazi.

"Keki ilikuwa yako," akasema.

"Ilikuwa yangu."

"Na suti?"

"Na suti."

"Na Mama?"

"Na mimi pia, kweli kabisa!" mama yako akapaza sauti kutoka sebuleni, ambako eti alikuwa amelala.

Mkeo akageuza lefse iliyokuwa kwenye kikaango, akaigeuza tena, mpaka ikaungua, na lefse za mkeo, uliniambia, haziungui. Ndipo ukamwambia kwamba utasimama Ijumaa mbele ya wote uungame. Ulidhani hilo ni jambo la kishujaa. Yeye akakujibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu mimi: "Hapana, Arvid. Ijumaa ni yangu. Ukisimama pale kuungama, watu watarudi makwao wanakuzungumzia wewe tena. Utakaa kwenye kiti na utapiga makofi."

Ijumaa Dk. Desjarlais alipokuita, ulisimama ukasema, "Hadithi ile imesimuliwa vibaya, na aliyeanza kuiharibu ni mimi. Leo tumsikilizeni Marlys." Ukakaa. Ukumbi ukanong'ona kidogo, sherehe ikaendelea.

Na ndipo akasimama mwalimu mmoja kijana, Janelle, anayefundisha darasa la kwanza huko karibu na mpaka wa Kanada. Akasema akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha alifika mahali akawa analia kwenye maegesho kila asubuhi, watoto wanampanda kichwani, nusu yao herufi hawazijui, akamwandikia Marlys kwamba anaacha chuo. Marlys hakumjibu kwa maandishi. Aliendesha gari mpaka kule, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yanagusa kidevu, akatazama siku nzima. Akarudi Jumatano iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka watoto wale wakaanza kusoma na Janelle akaacha kulia. Na kuna akina Janelle wengi, hata sasa, kila Jumatano. Wale kati yao waliokuwa ukumbini walisimama bila kuambiwa, safu nzima, kisha safu ya nyuma yao.

Wewe ulikuwa umekaa mdomo wazi, kwa sababu miaka yote hiyo ulijua Jumatano mkeo huchelewa kurudi kwa sababu ya kwaya.

"Kwaya, eh?" mama yako akakunong'oneza. Mama huyu namtaka awe rafiki yangu.

Jumamosi ukanipigia unauliza kama umesamehewa. Nikakuuliza anakusemesha vipi. Ukasema vizuri tu, kwa adabu, kama anavyomsemesha fundi wa bomba. Basi bado hujasamehewa, bwana, na wala usikimbilie kununua maua, maana wewe ukinunua kitu hapo nyumbani kwa muda fulani kila mtu atauliza ni cha nani.

Umesema ukiwa pale ukumbini ulisahau kabisa kwamba tuzo ilikuwa yako. Shika hapo hapo. Huyo mume unayesema ungetamani kuwa yeye hajafa, ila hajawahi kuwepo, na itabidi umwanze kutoka mwanzo.

Mwombe mkeo ruhusa uketi darasani kwake. Akikubali, kaa nyuma, usinyooshe mkono, usimsahihishe, na mkitoka usianze na maoni yako, anza na swali. Akikataa, usinune. Jumatano chukua funguo wewe, mwendeshe mpaka huko mpakani yeye apumzike njiani, na umsubiri nje ya shule hadi amalize. Usiingie ndani kusalimia watu. Kaa kwenye gari, na hita usiizime, ili akitoka akute kuna joto.

Shangazi Ardis