Gego Langu la Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mwanangu kanipeleka tena kwa daktari wa meno, na tena kajibu yeye kila swali. Mama analala vizuri. Mama anakula. Mama haumwi. Kana kwamba mimi ni mzigo aliokuja kuupima!

Daktari, binti mdogo mwenye sauti nzito, alimkatiza: kaka, namwuliza bibi. Nikampenda papo hapo.

Mwishoni mwa mwaka jana alikata sehemu ya juu ya neva ya gego langu la mwisho, akaifunika kwa dawa. Ya mizizini akaiacha hai. Leo amelipima: pamba yenye baridi kali juu ya jino, ukisikia nyanyua mkono. Jino la mbele lilinirusha kitini. Gego — kimya.

Nikanyanyua mkono. Daktari akakunja uso, akaandika kwenye faili.

Jumanne, 5 Machi

Niungame, maana moyo huu hauna safari ndefu. Nilidanganya. Mimi, niliyefundisha baiolojia hadi nikastaafu, niliyewachania watoto wa watu karatasi kwa kuangalizia!

Jana tukienda, garini mwanangu alisema: likishakufa ling'olewe, tupumzike. Tupumzike! Meno yangu ya bandia yamejishika kwenye gego hilo. Likitoka, nitalishwa vya kupondwa mpaka kaburini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeumbuka. Daktari alituita tena. Akapima mara mbili, nikanyanyua mkono mara mbili. Akanionyesha pamba ya pili: kavu, haina baridi yoyote.

Mwanangu alicheka hadi akashika ukuta. "Mama na uongo wako!" Ningempiga kwa mkoba.

Daktari hakucheka. Akasema: sikutegemea gego lijibu, bibi. Neva inayosikia baridi niliikata mwenyewe. Kimya chake si kifo. Mkono wako ndio ulionishtua. Picha inaonyesha mizizi iko salama. Ila likiuma lenyewe, usinifiche.

Basi ulinipimia nini? Nilimwuliza kwa ukali.

"Mazoea, bibi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Walimu! Sote ni wale wale.

Jumatatu, 11 Machi

Linauma. Tangu alfajiri, lenyewe, bila baridi wala moto. Nimemwambia mwanangu. "Mama, usianze tena." Akafunga mlango taratibu, kama anayemwacha mtoto alale. Hiyo taratibu ndiyo imeniudhi kuliko jino.

Sasa simu imelia. Ni daktari, anaulizia hali yangu. Mwanangu kaja nayo hadi mlangoni, anajibu yeye: hajambo bibi yako, anakula tu. Naisikia ile sauti nzito: nipe mwenyewe. Kalala, anasema.

Kalala! Nimeketi mbele yake, macho makavu, naandika!

Nikisema, huenda likang'olewa. Nisiposema —

Nimenyanyua mkono wa kushoto.

"Shusha mkono, mama, hii ni simu."

Siushushi.