Aliyekaa Godoroni kwa Ajili Yako

Tshediso wetu,

Mwaka umetimia tangu ile Jumanne ya mwezi wa saba ulipomwambia mwanafunzi wako asimame kando ya barabara, ukavuta breki ya mkono wewe mwenyewe, ukasema kifua kinakubana. Mwanafunzi alikuwa Mama Dikeledi, muuza makaa, aliyekuwa ameanguka mtihani wa leseni mara nne. Siku hiyo aliendesha kutoka pale hadi hospitali bila kuzimikiwa na gari hata mara moja, na kila kona aliwasha taa za kuonyesha. Anasema kilichomtisha ni ukimya wako, maana hukuwahi kukata kona naye bila kumkosoa. Ulitutoka kabla ya saa sita mchana, ukiwa na miaka arobaini na mitatu.

Nusu ya madereva wa Phuthaditjhaba ilipita mikononi mwako. Nusu nyingine ndiyo uliyokuwa ukiikwepa barabarani.

Hukuficha kamwe kwamba mwenzako wa nyumbani ni mwanamume, na watu walilazimika kujipanga wenyewe. Waume walikuletea wake zao wenyewe hadi mlangoni. Mmoja, tunamhifadhi jina, alikwambia, "Mwalimu, nakukabidhi mke wangu. Wale wengine siwaamini."

"Na mimi unaniamini kwa nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Sema."

Akakohoa, akatazama matairi, akasema, "Kwa sababu unafundisha vizuri." Ulisimulia hilo wiki nzima, ukiigiza mpaka kile kikohozi.

Vijana wa kiume nao walikuja kwa sababu wanafunzi wako walifaulu, lakini walikuja wakiwa wamebana mbavu. Kuna aliyejibanza kwenye mlango wa gari kama anayekwepa mvua. Ulimwambia, "Kaka, hapo ulipo usukani huufikii. Mimi nina mtu wangu nyumbani, na hata nisingekuwa naye, ona unavyokanyaga klachi. Tazama kioo." Alifaulu mara ya kwanza. Siku ya mazishi yako ndiye aliyeongoza magari hadi makaburini.

Hayakuwa maisha ya kucheka tu. Kuna mtu aliandika tusi kwenye mlango wa gari lako kwa rangi nyekundu, nawe ulifundisha nalo siku mbili kwa sababu petroli ya kufutia ilikuwa haijapatikana. Kuna mwaka nafasi ya kando yenu kanisani ilibaki tupu kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Thulo, huyo mwenzako, alisema afadhali, mmepata mahali pa kuweka mablanketi. Ulicheka pamoja naye. Lakini siku hiyo ulipokuwa ukiosha vyombo tulikuona umeshika sahani moja kwa muda mrefu, na maji yanakwenda.

Na akina mama wa maombi walipokuja kukwambia wanakuombea ubadilike, uliwapa chai, ukawaomba waiombee na gia ya pili, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa inakusumbua.

Na Baba je? Ulimwambia mezani, miaka kumi na miwili iliyopita, kwamba Thulo si rafiki tu. Baba alitafuna nyama yake taratibu mpaka ikaisha, akauliza, "Anakaa chumba gani?"

"Changu, Baba."

"Basi ni mpangaji," Baba akasema, akaomba chumvi.

Kuanzia siku hiyo Thulo akawa mpangaji. Kwa mchungaji, mpangaji. Kwa daktari wa macho, mpangaji wetu. Mlipokwenda Harrismith kufunga ndoa kwenye ofisi ya serikali, Baba alivaa suti yake ya kahawia, akapanda gari pamoja nanyi, mkafika, akakataa kushuka. Alisema magari huibwa siku hizi, lazima mtu abaki. Mlipotoka na cheti alikipokea, akakisoma chote mpaka mhuri, akakirudisha. "Jina la mpangaji wameliandika sawasawa," akasema. Mlirudi nyumbani mkicheka njia nzima, na Baba kiti cha mbele hakugeuka nyuma.

Kwa hiyo siku za msiba wako Baba hakujua amweke wapi Thulo, na kwa kuwa hakujua, alimtuma. Thulo alipasua kuni. Thulo alibeba maji. Thulo alipanda juu ya banda kupigilia bati lililokuwa linapigwa na upepo. Mtu mkubwa vile, fundi wa kuchomelea mageti, alizunguka uani siku mbili, na kila alipomaliza kazi moja Baba alimtafutia nyingine.

Shangazi Ntshebo alifika Alhamisi asubuhi kutoka Ficksburg. Aliingia chumbani, akakuta vitanda na kabati vimetolewa, godoro limetandikwa sakafuni, mshumaa unawaka, na vikongwe watatu wamekaa kandokando ya ukuta wakililinda godoro la mfiwa mkuu, lisilo na mtu. Mama angekaa, lakini Mama alikutangulia miaka sita. Shangazi akamwita Baba.

"Kaka, nani anakaa hapa?"

"Kaa wewe, dada yangu. Wewe ndiye mkubwa wa wanawake."

"Mimi nilimfunga nepi. Aliyefunga nepi hakai godoroni. Mwenzake yuko wapi?"

"Hakuwa na mke, unajua."

"Najua. Kwa hiyo nauliza mumewe yuko wapi."

Baba akatazama dirishani. Wakati huohuo Thulo alikuwa anapita na pipa la maji begani.

"Yule mpangaji anatusaidia sana," Baba akasema.

"Mpangaji." Shangazi akaketi juu ya mfuko wake wa safari. "Mimi nina wapangaji wanne kule kwangu, kaka, na hakuna hata mmoja anayenikata kucha za miguu. Wewe wako anakukata kila Jumapili. Sasa nisikilize. Mgane hukaa kwenye kiti uani pamoja na wanaume. Mjane hukaa godoroni pamoja na wanawake. Mimi sina ugomvi na kiti, wala sina ugomvi na godoro. Chagua. Lakini pipa halimo. Mfiwa habebi pipa."

Vikongwe wakaitikia kwa koo.

Baba alitusimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipoingiwa na hofu. Hakumwogopa Mungu, alisema, kwa sababu Mungu alikuwa anajua siku nyingi. Alimwogopa Mzee Sekhoto. Wamekuwa pamoja katika chama cha kuzikana miaka thelathini, na alasiri ile Mzee Sekhoto alikuwa anakuja na wanaume wa kanisa kusimamisha hema. Aliyekaa godoroni haelezwi ni nani. Kila anayeingia kutoa pole anamwona na anajua. Miaka kumi na mmoja Baba alikuwa amelizuia neno moja mlangoni, na sasa lingekaa katikati ya nyumba limejifunika blanketi.

Akatoka uani.

"Thulo. Tua hilo pipa."

"Limebaki moja tu, Baba."

"Nimesema tua. Unataka kukaa wapi, kwenye kiti au kwenye godoro?"

Thulo akalitua pipa. Akafikiri, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Baba, sijalala tangu Jumanne," akasema. "Godoro."

Alipoketi, Tshediso, godoro lilizama upande wake, na Bibi Mmadira, mmoja wa wale vikongwe, aliyekuwa amekaa ukingoni, akateleza taratibu mpaka akamfikia begani. "Shika ukuta, bibi," wenzake wakamwambia. "Ukuta uko mbali," akajibu. "Mimi nimeshafika kwa mkwe, niacheni." Wakamfunika Thulo lile blanketi lako la kijani. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Jumanne, na Bibi Mmadira hakusogea, ingawa bega lake lote lililowa.

Saa tisa Mzee Sekhoto akaja na wanaume wake. Akatazama uani, akatazama nguzo za hema zimelala chini.

"Mzee mwenzangu, yule mpangaji wako yuko wapi? Bila yeye nguzo ya kati haisimami."

"Yuko ndani," Baba akasema.

"Ndani wapi?"

Baba akainama, akashika ncha ya nguzo moja. "Godoroni."

Wanaume wote walisikia. Mzee Sekhoto alivua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha.

"Sasa hema nitalisimamisha na nani?" akasema. "Mzee mwenzangu, ungeniambia mapema nikaleta watu. Mfiwa angebebaje nguzo? Nilikuwa nashangaa tangu jana mnamkimbiza kama punda." Kisha akaingia ndani kutoa pole, akakaa huko kitambo. Hema lilisimama jioni, limepinda, na lilibaki limepinda mpaka tulipokuzika.

Si wote walioingia chumbani mle. Mjomba Lefu aliishia getini, akatoa pole akiwa amesimama, akaondoka. Mpaka leo hajarudi. Lakini walioingia walikuwa wengi, na Baba aliwahesabu waliotoka bila kusema lolote la ajabu mpaka akachoka kuhesabu.

Kitu kimoja kilimshinda Baba. Ratiba ya mazishi ilikuwa imeshapigwa chapa Jumatano, na Thulo alikuwa amewekwa mwisho kabisa, chini ya waliotuazima masufuria, ameandikwa "rafiki wa familia". Siku ya mazishi watu mia tatu waliisoma hivyo. Baba aliiona mikononi mwao kaburini na hakuwa na la kufanya. Baada ya kukuzika alichukua nakala zote zilizobaki, akakaa mezani na kalamu, akalikata neno "rafiki" kwenye kila moja. Hakuandika kitu mahali pake. Alisema bado analitafuta neno.

Mwaka mzima Thulo amevaa kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Amechomelea mageti nacho, amekwenda sokoni nacho, na anayeuliza anajibiwa. Gari lako analifundishia Mama Dikeledi, ambaye sasa ana leseni na amekuwa mkali kuliko wewe.

Na sasa Thulo anatakiwa avuliwe kitambaa, na kwa desturi yetu mkono unaokikata ni wa upande wa marehemu. Upande huo ndio pia unaomuuliza mfiwa kama atarudi kwa watu wake au atabaki. Wiki iliyopita sisi dada zako tulipokaa kuandika haya, Thulo alikuwa jikoni anaosha vikombe. Baba akataka asomewe majina ya wanaokukumbuka.

"Thulo mmemweka wapi?"

"Baada ya Shangazi, Baba."

"Mweke wa kwanza."

"Kabla yako?"

"Kabla yangu."

"Tumwandike nani?"

Jikoni vikombe vilinyamaza. Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blanketi alilojitanda, akaivaa tena. "Mume," akasema. "Andika mume wake." Halafu akageukia jikoni, sauti juu kidogo, kwa kuwa masikio yake siku hizi ni mazito na anadhani ya wenzake pia. "Na wewe, utarudi kwa watu wako?"

Thulo akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. "Watu wangu gani, Baba?"

"Nauliza kwa sababu lazima niulize."

"Nabaki."

"Basi kavifute hivyo vikombe."

Unakumbukwa na mume wako Thulo, baba yako Mzee Moeketsi Letsela, shangazi yako Ntshebo, dada zako Palesa na Nthatuwa, wapwa zako wote, Bibi Mmadira, na wanafunzi wako, waliofaulu na wanaorudia.

Siku zetu zote zilizobaki, Tshediso, hatutaacha kukutaja.

Kitambaa kitakatwa Jumamosi hii saa mbili asubuhi, uani kwetu. Atakikata Baba.