Kiswahili cha Kamina kwa herufi za Kigiriki

Alhamisi, kabla ya giza. Mvua ya jana imeacha matope mekundu hadi mlangoni, lakini leo jua limewaka siku nzima, na mimi nimechoka kwa furaha. Vidole vinauma. Mimi, dactylo, yaani mpiga chapa wa parokia ninayejisifu kuandika bila kutazama, wiki hii nimeandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mahindi.

Nianze na Mwadi, maana bila yeye nisingehangaika.

Mwadi ni jirani yangu, anauza vitenge sokoni. Baba yake ni Mgiriki, Mzee Stavro, aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa raia, mzee alirudi kwao. Mama yake Mwadi, Mluba wa Kabongo, alikataa kumfuata kwenye baridi. Wakati huo Mwadi ndiyo kwanza anaanza shule. Miaka mingi alikuwa hataki hata kulisikia jina la baba yake likitajwa, na mimi sikumlaumu.

Sasa mzee haoni tena, na anaumwa. Kifaransa chake kidogo kimemtoka. Kilichobaki kichwani ni Kigiriki cha kwao na Kiswahili cha dukani, hiki hiki chetu cha Kamina. Dada yake ndiye anayemtunza, naye anajua kusoma herufi za Kigiriki tu. Ukimpelekea barua kwa herufi zetu, ni kama umempelekea karatasi ya kufungia karanga.

Wazo lilikuwa la Abbé Kalenga, padri wetu, aliyejifunza kusoma Kigiriki huko seminari. Alisema tuandike Kiswahili kwa herufi za Kigiriki. Dada atasoma kwa sauti bila kuelewa kitu, na mzee atasikia Kiswahili. Nilicheka. Nilidhani padri amepigwa na jua.

Mwadi hakucheka. Alinunua karatasi siku hiyo hiyo.

Barua ya kwanza tuliandika kwa mkono, tukiiga herufi kutoka Injili ya Abbé. Jibu lilikuja mwezi uliopita, kwa Kifaransa cha jirani yao aliyekuja likizo tu: dada aligeuza karatasi juu chini, akaona nyayo za ndege, si maneno. Mzee alishika ile karatasi mkononi siku nzima. Mwadi alipomaliza kusomewa habari hiyo aliniuliza, kama mdogo anavyomuuliza dada yake mkubwa, "Yaya, nitafanya namna gani kama baba anakufa bila kunisikia?"

Mimi si daktari wala ndege. Nilikuwa na kompyuta, tena si yangu.

Ile kompyuta ya parokia inaandika Kifaransa vizuri, matangazo ya misa na orodha za ubatizo. Abbé aliwauliza Wagiriki wa Lubumbashi kwa redio ya misheni, nao wakasema ipo disketi ya kuifundisha mashine herufi zao. Jumatatu ililetwa na kijana anayeitwa Yorgo. Anatoka Ugiriki, amekuja mkoa wetu wa Shaba kumwona mjomba wake mfanyabiashara, na Kamina alipita kwa shughuli za huyo mjomba. Kiswahili hajui, hata neno la kuombea maji. Leo angepanda treni ya kurudi Lubumbashi, kisha ndege ya kwao. Kijiji chake kiko jirani na cha mzee, na akaahidi kuifikisha barua kwa mkono wake.

Kwa hiyo tulikuwa na siku hizi chache tu, na si siku nzima. Umeme wa mji ni hadithi. Kompyuta inakula jua la mabamba ya umeme juu ya paa la misheni, na jua hilo lina mwenyewe: friji ya chanjo ya dispensari. Wingu likipita, Masista wanatuma mtu kuniambia nizime. Nazima. Chanjo za watoto wa watu si mchezo.

Jumanne nikaingiza disketi. Ilikuja na karatasi yenye mchoro wa kibodi, kuonyesha kila herufi ya Kigiriki inakaa juu ya herufi gani ya kwetu. Nikakata vikaratasi vidogo, nikaandika herufi zao kwa wino mwekundu, nikavibandika kwa gundi ya ugali: alfa juu ya A, mi juu ya M, hivyo hivyo hadi mwisho. Kazi safi. Nikajipongeza kabla ya wakati.

Nikaandika neno la kwanza. Kila nilipobonyeza A, ilikuja alama ya nukta na mkato. Nilipobonyeza M, hakikuja kitu. Sasa niambie, ni Kiswahili gani hicho kisicho na A wala M? Hata "mama" huwezi kumwita.

Nilikasirika. Nilitukana disketi, nikamtukana aliyeitengeneza, nikasema vitu vya Lubumbashi vyote ni vibovu. Mume wangu, askari wa Base, ile kambi ya ndege za jeshi, aliponiona nimerudi nyumbani na uso ule hakuuliza chakula kiko wapi. Alipika mwenyewe.

Jana asubuhi nilikuwa nimeshaamua kumwambia Mwadi kwamba imeshindikana. Nikaketi mbele ya mashine kwa hasira tu, nikautazama tena ule mchoro, nikaona kitu ambacho dactylo wa kweli angekiona tangu mwanzo. Kibodi ya kwenye mchoro si kama yangu. Yetu ni ya Wabelgiji, inaanza na A, Z, E. Ile inaanza na Q na W. Na M yetu imekaa pembeni kabisa, mahali ambapo wenzetu hawana M. Mashine haisomi herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inajua kitufe kimekaa wapi, basi.

Nikabandua vikaratasi vyote. Nikabonyeza kitufe kimoja kimoja, kuanzia juu kushoto, na kilichotokea kwenye kioo ndicho nilichobandika. Gundi ilikuwa haijakauka, nikaandika hivyo hivyo. Alfa ikaja. Mi ikaja. Nikapiga kelele hadi Sista wa dispensari akadhani nimepata shoti.

Mchana Mwadi alikuja kusema barua yake. Alikuwa ameivalia kitenge kipya, kana kwamba baba yake angemwona. Abbé alikaa kati yetu kusema sauti ipi inaandikwa vipi. Kigiriki hakina "sh", kwa hiyo "shangazi" ikawa "sangazi" na "shamba" ikawa "samba". Niliogopa itamchukiza, lakini Mwadi alicheka hadi akashika mbavu. Baba yake, alisema, alikuwa akitamka hivyo hivyo.

Halafu akaacha kucheka, akasema lile aliloliandaa, akitazama mikono yake: "Muambie kama niko. Muambie kama sina hasira tena. Ile mulango ya magazini yake ingali na rangi ya bulu."

Niliandika hivyo alivyosema, "kama" yetu badala ya "kwamba", magazini badala ya duka, sikunyoosha hata neno. Juu kabisa, kabla ya maneno hayo, aliniambia nimsalimu tata, yaani baba, kwa Kiluba, kwa salamu ile baba yake aliyokuwa akiwapokelea wateja kutoka vijijini. Kisha mvua ikaja, na nikazima.

Leo asubuhi jua lilirudi, ila printa nayo ikatuletea yake: kwenye kioo ni Kigiriki, kwenye karatasi ni herufi za Kifaransa zenye kofia. Abbé alikaa na kamusi akiisoma karatasi ya maelezo ya Kigiriki iliyokuja na disketi, hadi akagundua kwamba printa nayo ina programu yake kwenye disketi, na inataka kuamshwa kwanza. Huku tunahangaika, treni ilikuwa imechelewa. Mara ya kwanza maishani nimelishukuru jambo hilo.

Tulifika stesheni tumeshika kurasa mbili kama tumebeba yai. Yorgo alikuwa amekaa juu ya begi lake, kando ya akina mama wanaouza mihogo na karanga kwa wasafiri wa Luena na Lubumbashi.

Hapo nilipatwa na hofu. Abbé alipoisoma barua parokiani, aliisoma vizuri mno. Bila shaka alikuwa akibahatisha kwa sababu Kiswahili anakijua. Shangazi yake Mwadi hatabahatisha. Nikamwomba Yorgo kwa Kifaransa changu cha ofisini aisome kwa sauti, kama anavyoiona, bila kufikiri. Mwadi alinishika mkono, akaubana.

Yorgo akakohoa kidogo, akasoma mstari wa kwanza polepole, kama mtoto wa shule: "Wakomapo, tata."

Akina mama wa mihogo waliweka mabeseni chini. Wakapiga makofi taratibu, kama inavyopasa mtu akikusalimu kwa heshima, wakamwitikia wote pamoja kwa Kiluba: "Eyo vidye."

Kijana wa watu akashusha karatasi. Alinitazama, akawatazama wao, akauliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, umewasalimu, nao wamekujibu. Mwadi alikuwa analia na kucheka, kitenge kipya amekifanya kitambaa cha machozi. Aliponiambia neno, lilikuwa hili tu: "Muambie asome tena."

Akasoma tena. Wakaitikia tena. Alipoendelea hadi kwenye ule mlango wa bulu, mama mmoja aligeuka kutazama upande wa duka la zamani.

Treni imeondoka naye. Vikaratasi vyangu vyekundu bado viko kwenye kibodi, na Abbé anataka matangazo ya Jumapili. Kesho nitavibandua, lakini ule mchoro wangu mpya nitauweka mahali pazuri, maana Mwadi ameshaanza kuniambia barua ya pili itakuwa na nini.

Je, mzee atasubiri? Sijui. Barua iko njiani na yeye yuko hai. Leo nalala na hayo mawili.