Sumu Niliyoogopa Kumpa Mdogo Wangu

Mpendwa Mshauri Nelius,

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata katika sala. Mwezi wa Novemba Mama alinituma nimpeleke mdogo wangu zahanati apewe vitamini A, nami nikamrudisha nyumbani bila kupewa, kisha nikasema amepewa. Naomba unisaidie, na jina langu usilichape.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, twaishi karibu na Githongo, na napenda sana kusoma, hata karatasi iliyofungiwa sukari mimi huisoma kwanza. Mwezi wa Agosti uso wangu ulijaa chunusi, nikaanza kutafuta sababu kwenye simu ya Mama, nikakuta kikundi cha watu wa nchi za mbali wanaosema kwamba vitamini A si chakula bali ni sumu inayojaa kwenye ini, na kwamba mtu akiacha karoti, mayai, maziwa, maini, papai, malenge na mboga zote za majani, sumu hiyo itatoka polepole. Walieleza vizuri sana, Mshauri, wakaweka na michoro, nami nikaamini.

Nyumbani mimi ndiye mpishi, kwa hivyo haikuwa vigumu. Nikipika mukimo nilikuwa nachota mahindi na viazi vyangu kabla sijatia majani ya malenge na kuponda, na Mama aliponiuliza, "Kwani wewe ni mgonjwa, mbona mukimo wako ni mweupe hivyo?" nikamwambia majani yananichoma tumbo. Akasema, "Tumbo la wasomi hilo," akacheka, basi.

Baada ya miezi miwili midomo yangu ilianza kupasuka, ngozi ya mikono ikawa inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa, kichwa kikauma, macho yakawasha kama yana mchanga, nami nikayaandika yote kwenye daftari pamoja na tarehe. Nilipowauliza wale watu wa kikundi walinipongeza, wakasema hiyo ni sumu inatoka, nisirudi nyuma. Wiki moja sikuumwa na chochote, nikauliza tena, wakasema mwili unapumzika kabla ya kutoa nyingine. Hapo nikaanza kujiuliza, kama kuumwa ni dalili ya kupona na kutoumwa pia ni dalili ya kupona, je, ni dalili gani ingenionyesha kwamba nimekosea? Swali hilo sikuwauliza. Niliona aibu.

Sasa nikuambie kuhusu mdogo wangu, nitamwita Kananu, ana miaka mitatu. Ilikuwa wiki ya afya ya watoto, Mama alikuwa akichuma kahawa, akanipa kijitabu cha kliniki. Tukiwa kwenye foleni nilimwona nesi akikata ncha ya kapsuli kwa makasi na kuikamua mdomoni mwa mtoto aliyekuwa mbele yetu, nikamshika Kananu tukatoka. Jioni Mama akauliza, "Alilia?" Nikasema kidogo. Kananu akasema, "Mimi sikulia!" Mama akambeba juu, akamwita shujaa.

Tena Kananu hupenda kula kwenye sahani yangu, na mimi nilimwacha, nikidhani namkinga. Siku hizi anasugua macho, na juzi jua likizama alijigonga kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mbele yake kabisa. Mimi nilichagua lishe hii, yeye hakuchagua, hajui hata kama kuna sumu. Nitajuaje kama ni sumu inayotoka au ni mtoto anayeumia? Na nikimwambia Mama, ataniamini tena?

Msomaji wako,
Githongo

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa nilipofika kwenye ndoo.

Nianze na kukusifu kidogo, maana baadaye sitakusifu. Lile swali ulilojiuliza ndilo swali zuri kuliko yote kwenye barua yako. Mtihani ambao kila jibu ndani yake ni sahihi haupimi chochote. Watu wa kikundi chako wamejitengenezea mtihani wa namna hiyo, nawe uligundua peke yako. Mbona basi ulinyamaza? Aibu yako imekula miezi yako na sasa inakula ya mtoto.

Ni kweli vitamini A ikizidi mno hudhuru, hasa kwa mtu anayejimezea vidonge vikali bila kupimwa. Lakini uongo unaonasa watu hushonwa kwa uzi wa ukweli. Majani ya malenge ya mama yako si sumu. Yamewakuza watu wa milima hii, macho yao yakiwa wazi. Mwili ukikosa vitamini hiyo, ngozi hukauka, macho hukauka, na mtoto huanza kutoona vizuri giza likiingia. Soma tena daftari lako ukijua hivyo.

Je, hilo ndilo lililompata Kananu? Sijui. Labda ni vumbi, labda ni ugonjwa mwingine wa macho. Mimi si daktari, wala wewe si daktari, wala wale wa kwenye simu si madaktari. Kwa hiyo usikae nyumbani ukimchunguza.

Mwambie mama yako leo, kabla hujaosha vyombo. Usianze na chunusi wala na michoro. Anza na Novemba. Atakasirika, na ana haki. Uaminifu uliouvunja hutaurudisha kwa kuendelea kuuficha. Kesho asubuhi mpelekeni Kananu zahanati, nawe uingie pamoja naye ukaonwe, ukiwa na kijitabu chake na daftari lako. Usimnunulie kapsuli dukani, usimshindilie maini ili kulipia makosa. Nesi ndiye atakayepima kinachofaa. Na kile kikundi, toka. Wakikuuliza sababu, usiwajibu.

Nelius

WIKI MBILI BAADAYE ALIANDIKA TENA

Mshauri, nilimwambia Mama siku ileile niliposoma jibu lako. Nilianza na Novemba kama ulivyosema. Hakunipiga. Aliniuliza, "Na mimi nikamwita shujaa?" Akaenda kukaa karibu na Kananu, hakusema nami hadi asubuhi.

Tulienda sote watatu. Nesi alimmulika Kananu macho kwa tochi, akasema haoni kidonda, lakini akatuandikia barua tumpeleke kliniki ya macho mjini Meru. Kisha akafungua kijitabu, akauliza kwa nini Novemba hakuna kitu, na ni nani aliyemleta mtoto. Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Mama alinitazama.

Nikasema, "Ni mimi. Nilimleta hadi hapo mlangoni nikamrudisha."

Nesi aliandika tarehe, akamkamulia Kananu kapsuli mdomoni, kisha akavuta kiti, akaniambia niketi, nifungue daftari langu ukurasa wa kwanza.